Aya Niliyoifuta

Kazi iliingia saa tano usiku kwa WhatsApp: faili moja ya sauti na sentensi mbili. Maneno mia mbili kuhusu ngoma hii, pamoja na wasifu mfupi wa prodyuza, kabla ya saa nne asubuhi. Malipo, shilingi 2,500. Aliyetuma ni meneja wa vijana kadhaa wanaotengeneza muziki wa kielektroniki hapa Nairobi, mtu ambaye hulipa anapokumbuka. Mwezi huo nilikuwa nimemkwepa keateka siku kumi na moja, natoka alfajiri na kurudi akiwa ameshazima taa. Nikajibu "sawa boss" kabla hata sijaifungua hiyo faili.

Hedifoni zangu wakati huo zilikuwa zinaongea upande wa kulia pekee. Shika hilo, nitalirudia.

Ngoma ilikuwa ya dakika tatu na sekunde arobaini hivi. Hakuna anayeimba. Inaanza na pigo la chini, kavu, kama mtu anayebisha mlango akijua mko ndani. Halafu vigoma vidogo vinaingia kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikichelewa kidogo kuliko unavyokitarajia, mpaka vinakuwa vingi na hujui tena ni kipi unakifuata kwa kichwa na ni kipi unakifuata kwa bega. Kasi ni kama mapigo 140 kwa dakika. Nilikuwa nimekaa kitandani, laptopu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na goti langu likaanza kucheza bila kuniuliza. Nikaijua palepale. Kuduro. Kuduro iliyopitia Lisbon kabla ya kufika Thika Road, lakini kuduro.

Basi nikaandika. Kwa Kiingereza, manake maelezo ya aina hii huandikwa kwa Kiingereza hata kama msanii, meneja, mwandishi na wasikilizaji wote wanaongea Kiswahili mchana kutwa. Ukiifanya kazi hii miaka miwili unabaki na maneno kama kumi na tano ambayo unayazungusha vile mtu wa bedsita anavyoizungusha sufuria yake moja: asubuhi chai, usiku ugali. Kila msanii "anachipuka". Kila mdundo "unavuka mipaka". Kila ngoma ina "nguvu". Nimewahi kuandika kwamba ngoma ina nguvu ilhali ilikuwa ya kulazia mtoto, na hakuna aliyelalamika.

Ila kwa sababu kuduro naijua, na kwa sababu usiku huo goti lilikuwa limeshanisaliti, niliongeza aya moja kuhusu Luanda. Maneno sitini na manne. Ilisema mdundo huu ulizaliwa wapi, waliubeba kina nani hadi Lisbon, na kwamba kijana mmoja wa Nairobi ameusikia na kuujibu. Ilikuwa aya nzuri. Nikatuma kila kitu saa nane usiku nikalala.

Asubuhi meneja alikuwa amejibu: "Fiti sana. Lakini hiyo ya Angola toa. Watasema tumeiba. Weka sauti mpya ya Nairobi."

Nikaitoa. Ilinichukua chini ya dakika moja. Pesa iliingia M-Pesa kabla ya saa sita, mara ya kwanza na ya mwisho huyo jamaa kunilipa siku hiyohiyo. Nikamtumia keateka elfu mbili, akanijibu kwa kidole gumba.

Siku tatu baadaye prodyuza mwenyewe alinipigia. Sitamtaja jina, manake hii hadithi ina meneja ndani yake na bado wanadaiana. Ana miaka ishirini na miwili. Kabla ya muziki alikuwa makanga, ruti za Thika Road, na mpaka leo akisimama mahali husimama upandeupande, kama mtu ambaye mguu mmoja uko ndani ya gari. Tulikutana Roysambu kwenye kibanda cha chai karibu na steji.

"Wewe ndio uliniandika?"

"Ni mimi."

"Umeandika poa. Kizungu imenyooka. Lakini buda, hukunisikiza."

"Nimesikiza mara kumi."

Akazitoa hedifoni zake shingoni, kubwa, zimefungwa selotepu kwenye upinde, akanivisha mwenyewe vile mama anavyomvisha mtoto kofia ya baridi. Akabonyeza simu. "Sikiza tena."

Na upande wa kushoto, ambao kwangu ulikuwa umekufa tangu Januari, kulikuwa na kiganja kinachogonga bati. Kila mtu wa mji huu anakijua kiganja hicho: makanga akigonga ubavu wa gari kumwambia dereva twende. Nyuma yake, sarafu zikitikiswa mkononi, ile sauti ya mtu anayetafuta chenji yako na hataki kuipata. Alikuwa amezirekodi kwa simu siku yake ya mwisho kazini, akazikata vipande, akazipanga ndani ya kuduro mahali ambapo Muangola angeweka kigoma. Vile vitu nilivyovisikia vikichelewa havikuwa vinachelewa. Vilikuwa vinamjibu mtu niliyekuwa simsikii. Nilikuwa nimeandika maneno mia mbili kuhusu nusu ya ngoma.

Sikuwa na la kusema. Nikanywa chai.

"Na mbona hukusema ni kuduro?" akauliza.

Nikamwambia niliandika, na boss wake akasema nitoe. Nilitegemea amkasirikie boss. Alinitazama mimi.

"Sikia. Sisi kwa gari, ukibeba abiria kwa steji ya mwenzako na hamjaongea, hiyo ni vita. Unavunjiwa kioo. Lakini ukimwendea umwambie, buda, nabeba wawili hapa, nitakuona baadaye, anakuambia beba. Si mambo mengi. Sasa nyinyi wawili mmenibebesha abiria wa watu. Ule msee wa Lisbon akiisikia hii ngoma, na asome hiyo kitu umeandika, ataniona aje?"

Basi hii hapa aya niliyoifuta, ikiwa ndefu kuliko ilivyokuwa.

Luanda ya mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa miaka ya 90 ilikuwa mji mkuu wa nchi iliyo vitani. Angola ilipata uhuru kutoka kwa Ureno Novemba 1975, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata vilikuja kwisha 2002. Watu walikimbia bara wakamiminika mjini, kwenye mitaa ya mabanda inayoitwa musseque, neno la Kikimbundu linalotokana na mchanga mwekundu wa pale. Vijana wa mitaa hiyo walikuwa wanasikia haus na tekno kutoka Ulaya na Marekani, na zouk na soka (soka ya Trinidad, ya kucheza, si ya mpira) kutoka Karibiani, na nyumbani walikuwa na semba na ngoma za kanivali. Wakavitia vyote chungu kimoja, kwa vifaa walivyovipata, na wakaongeza moto.

Tony Amado, ambaye ndiye hutajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi, amesimulia kwamba alimwona Jean-Claude Van Damme akicheza dansi amelewa kwenye filamu ya Kickboxer ya 1989, makalio yamekazwa, na mtindo wake ukaanzia hapo. Jina lenyewe kwa Kireno cha mtaani ndilo hilo: makalio magumu. Nakipenda chanzo hiki kuliko nadharia zote za utambulisho nilizowahi kulipiwa kuziandika. Van Damme sisi pia tunamjua, tumemlipia shilingi kumi kumi kwenye vibanda vya video vyenye joto la tanuri. Sisi tulitoka pale tukirushiana mateke. Kuna kijana Luanda alitoka na dansi. Na hakuficha ameitoa wapi, alisema waziwazi: kwa Mbelgiji mlevi.

Mdundo wenyewe unaweza kuujaribu ukiwa umekaa. Hesabu hadi nane haraka haraka, urudie bila kupumzika, na upige kofi kwenye moja, nne na saba. Tatu, tatu, mbili. Hiyo ndiyo mifupa. Utaikuta kwenye soka, utaikuta kwenye regetoni, ni mifupa iliyosafiri bahari kwenda na kurudi. Kilicho cha Luanda ni kile kinachowekwa juu yake: pigo la chini lililokaza, vigoma vya kompyuta vyenye sauti ya plastiki na chuma, na mtu anayeghani kama ambaye ameonyeshwa gari linaondoka na bado ana mizigo chini. Na mwili. Kuduro ikichezwa, mtu anaanguka kwa makusudi, anatembea kwa magoti, anakunja mguu kana kwamba umemkataa. Angola ni kati ya nchi zilizotegwa mabomu mengi ya ardhini duniani, na watu waliopoteza viungo hawakujificha ndani wakati wengine wanacheza. Costuleta, mmoja wa wanamuziki wanaojulikana sana wa kuduro, ana mguu mmoja, na anacheza kwa huo mmoja kuliko mimi na yangu yote miwili.

Ndiyo maana lile neno langu la nguvu linaniaibisha. Nguvu unaweza kuwa nayo hata ukiwa umeshiba na huna shida. Waangola wenyewe walichagua neno lingine, gumu, la kitu kilichokazwa ili kisimwagike.

Na ngoma hizo zilisambaa vipi, katika mji ambao prodyuza wa banda hana mtu redioni? Kwa candongueiro. Hizo ni matatu za Luanda, basi dogo za rangi ya buluu na nyeupe. Prodyuza anampa dereva ngoma, dereva anaipiga kutwa, jioni mji mzima unaijua. Nilipofika hapa kwenye maelezo yangu, pale kwenye chai, jamaa alinikatiza.

"Kwa hivyo pia wao wako na makanga?"

"Wako naye."

"Anaitwaje?"

"Cobrador."

Akalirudia neno hilo mara tatu, polepole, akiangalia steji. "Cobrador." Nadhani dakika hiyo ndiyo iliyofanya niandike insha hii, kama kuna dakika moja.

Alijifunza kuduro wakati wa kafyu ya 2020, matatu zikiwa zimepunguziwa abiria na makanga wengi wakiwa nyumbani. Alikuwa na simu, na laptopu ya binamu yenye FL Studio, na usiku mrefu. Alianza, kama sisi wote, kwa ule wimbo wa Don Omar na Lucenzo, Danza Kuduro, wa 2010, uliopigwa mwisho wa filamu ya Fast Five na kisha kwenye kila matatu na kila harusi ya nchi hii. Huo wimbo una jina la kuduro, na kuduro yenyewe ndani yake ni kama nyama kwenye supu ya bweni. Sisemi ni mbaya. Nimeucheza, nitaucheza tena. Lakini mamilioni ya watu wanajua neno kuduro kupitia wimbo ambao hauwapeleki Luanda hata kwa bahati mbaya, na hilo nalo linafanana kidogo na kile nilicholipiwa 2,500 kukifanya.

Yeye akaendelea kuchimba. Akafika kwa Buraka Som Sistema, kundi lililoanzishwa 2006 na kupewa jina la Buraca, kitongoji cha nje ya Lisbon. Wimbo wao wa Kalemba wa 2008 una sauti ya Pongo, msichana mzaliwa wa Luanda aliyekulia Ureno, akiwa bado hajafika miaka ishirini. Halafu akateremka chini zaidi, mahali ambapo hakuna waimbaji kabisa.

Hapa inabidi nieleze Lisbon. Pembeni mwa mji huo kuna mitaa na magorofa ya serikali walikopelekwa watu wengi waliotoka makoloni ya zamani ya Ureno: Angola, Cabo Verde, Sao Tome, Guinea-Bissau. Quinta do Mocho ni mmoja wa mitaa hiyo. Watoto wa huko waliipokea kuduro kama urithi wa nyumbani, wengine wazazi wao hata hawakuwa Waangola, wakaiondolea maneno na kubaki na ngoma tupu, wakazipindapinda vyumbani mwao. Mwaka wa 2006 kundi la hao vijana, wakiwemo DJ Marfox na DJ Nervoso, walitoa mkusanyiko uitwao DJs do Guetto, bure, kwenye intaneti, ukasambaa kwa simu na kompyuta za vijana wa mitaa hiyo. Mjini katikati karibu hakuna aliyewajua. Ilichukua miaka mitano mpaka lebo ndogo ya Príncipe kuanza, na toleo lake la kwanza, 2011, lilikuwa la Marfox. Makasha ya sahani zao za santuri huchorwa kwa mkono, moja moja. Wakaanza pia usiku wao kwenye klabu ya Musicbox, katikati ya mji, na ndipo mji ukasikia kilichokuwa kikipigwa kwenye magorofa yake wenyewe.

Kitu kimoja kuhusu Marfox kilinigusa nilipokifikiria baada ya mazungumzo yetu. Jina lake halisi linaanza na Mar, na hiyo fox aliitoa kwenye mchezo wa video wa Star Fox. Waliokuja nyuma yake, walipotafuta majina ya kazi, wengine waliichukua ile fox: kuna Nigga Fox, kuna Dadifox. Ukilisoma jina, umeshaambiwa kijana huyu alimsikiliza nani akiwa mdogo. Hakuna meneja anayeweza kukuambia uitoe hiyo.

Mimi Marfox nilimpata mwaka wangu wa tatu chuoni, katika wiki ambazo nilikuwa nimeacha kwenda darasani na bado sijamwambia mtu. Nilikuwa na deni la karo, jina langu halikuwa kwenye orodha ya kufanya mtihani, na Wi-Fi ya hosteli ilikuwa inashika vizuri kuanzia saa saba usiku. Nilikuwa nabonyeza kitu kimoja kinanipeleka kingine. Toleo lake lile la kwanza linaitwa Eu Sei Quem Sou. Sikujua Kireno, nikalitafsiri kwa simu. Najua mimi ni nani. Nililicheka, kwa kweli. Nilikuwa na blanketi kichwani saa tisa usiku, nimedanganya mwenzangu wa chumba kwamba naumwa, na kijana wa magorofani ananiambia bila neno hata moja la kuimba kwamba anajijua. Nikairudia ngoma hiyo mpaka asubuhi. Wiki mbili baadaye nikabeba godoro nikahama.

Sasa, Kiswahili kina ukarimu wa hatari kwa watu kama mimi. Kina kitenzi "kusomea". Wasifu wangu, ambao umechapishwa mahali kama sita, unasema: "Alisomea Uchumi." Soma tena. Hakuna uongo pale. Nilisomea, kweli, mihula mitano. Kitenzi hakisemi nilimaliza, msomaji ndiye anayenimalizia, ananivisha kofia na joho yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Nilikitumia kitenzi hicho miaka miwili nikijiona mjanja. Kwa Baba, aliyeko Busia na duka lake la mbao, nilitumia njia nyingine: mgomo wa wahadhiri. Kila alipouliza mahafali ni lini, mgomo ulikuwa umesukuma mbele. Mgomo wa wahadhiri ni kitu kizuri kwa sababu huwa kweli upo.

Kwa hivyo meneja aliponiambia toa Angola, nilikuwa fundi tayari. Kufuta mahali kitu kilipotoka na kuacha sentensi ikiwa safi, bila uongo wowote mtu anaoweza kuuonyesha kwa kidole, ni kazi niliyokuwa nimejifanyia mimi mwenyewe kwanza, bure.

Na nisimwonee meneja sana. Anajua soko. Anajua mhariri wa ng'ambo akifungua barua pepe mia kwa siku anataka kusoma "sauti mpya ya Nairobi", hataki kusoma kwamba Nairobi imesikiliza Lisbon iliyosikiliza Luanda iliyotazama filamu. Kwao Afrika inatakiwa itoe vitu kutoka ardhini, kama mihogo. Ati Mwafrika mmoja amkae mwenzake masikioni usiku kucha, ajifunze kwake kwa YouTube, hiyo haina soko. Lakini ndivyo tunavyofanya. Dar vijana wa singeli waliichukua taarab wakaikimbiza mpaka ikatoa moshi, na wanakwambia ni taarab. Mtu anaibeba, anataja steji aliyoibebea, safari inaendelea.

Maelezo yale bado yapo hewani. Nimeomba yabadilishwe mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa tutaona, mara ya pili tiki mbili za buluu.

Wiki sita baada ya ile chai, jamaa alinitumia ngoma ya pili, bila meneja katikati. Hii ina cobrador ndani yake kwa njia yake: kuna sauti yake mwenyewe ikisema neno hilo, imekatwa kiasi kwamba huwezi kulisikia kama hujaambiwa. Akataka wasifu mpya, na akaamuru kila sentensi, mimi nikiandika kama karani wa mahakama. Andika niliachia shule Form Two. Andika nilikuwa makanga miaka minne. Andika hii ni kuduro, nimejifunza kwa simu wakati wa kafyu, kwa Marfox na wenzake, na wao waliitoa Luanda.

"Niandike alisoma hadi kidato cha pili?" nikamuuliza.

"Niliachia. Andika niliachia. Kwani kuna shida gani?"

Hakuwa na pesa. Alinilipa kwa hedifoni mpya za Luthuli Avenue, za shilingi 350, pande zote mbili zikiongea. Aliulizia pia kama naonaje akiongeza fox mwisho wa jina lake, kama wale wa Lisbon wataona ni heshima ama ni mazoea. Nikamwambia awaandikie awaulize. Tukakaa tukaiandika hiyo meseji pamoja, Kireno cha tafsiri ya simu, sentensi nne, na ya kwanza ilikuwa ni ya kusema ametoka wapi. Hawajajibu bado.

Baba alipiga Jumapili iliyofuata, nikiwa na hizo hedifoni masikioni, ngoma ya pili ikiwa katikati. Alitaka kujua tarehe, manake ndugu yake ana gari la kukodisha na Novemba huwa linachukuliwa mapema. Nikamwambia niko kazini, nitapiga. Nikaimaliza ngoma. Nikapiga.

Nilisema yote kwa sentensi tatu, nikitumia kitenzi kilekile cha makanga. Nilitegemea kelele. Nilichosikia ni msumeno wa duka ukizimwa, halafu kuku, halafu pumzi yake.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu, Baba."

Akakaa kimya tena. Najua alikuwa anahesabu, si pesa pekee, anahesabu watu aliowaambia.

"Na hiyo kazi ya kuandika, inalipa?"

"Siku zingine."

"Huwa wanaweka jina lako?"

Nikamwambia kazi nyingi hapana, huwa wanaweka la msanii. Lakini kuna moja naandika sasa, hiyo wataweka.

"Nitumie basi," akasema. "Nitamwambia Mama akae anisomee." Na msumeno ukawashwa tena.